Kabla ya Kununua Pikipiki Mpya Yenye Sura ya Zamani: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayeishi Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi moja ya mwezi Julai, katika karakana ndogo pale Mwanjelwa, Mbeya, fundi ambaye amefungua injini za bodaboda kwa miaka mingi aliinama kando ya pikipiki yangu, akapitisha kidole chini ya tangi, kisha akaniuliza kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, iko wapi. Haikuwapo. Taa ya mviringo, kromu na tangi lililoviringana vilimfanya aamini kuwa ameletewa chombo cha enzi za baba yake, kumbe mbele yake palikuwa na injini inayopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta iliyofichwa chini ya kiti. Simlaumu, kwa sababu watengenezaji wenyewe hutaka tudanganyike. Triumph ya Uingereza, katika baadhi ya Bonneville zake za kupulizia mafuta, iliviunda vifaa vya kupitishia hewa kwa umbo la kabureta ili visiiharibu sura iliyorithiwa kutoka toleo la mwaka 1959.

Kwa hiyo anayetaka kununua pikipiki ya aina hii hana budi kutenganisha mambo mawili kabla hajatoa fedha: kipi ndani yake ni kipya, na kipi ni cha zamani kwelikweli. Vyote viwili vitamgharimu, ila kwa namna tofauti.

Tuanze na umeme. Royal Enfield Classic 350 ya sasa, iliyotoka mwaka 2021, haina kiki. Huwaka kwa swichi tu, na pampu yake ya mafuta inaishi ndani ya tangi. Betri ikidhoofika kidogo, bado unaweza kuisukuma mteremkoni ikawaka, lakini betri ikifa kabisa hakuna msukumo utakaosaidia, kwa kuwa pampu na kompyuta hazina pa kupata umeme wa kuanzia. Asubuhi za Juni na Julai, ambapo huko Kitulo na Makete jalidi huonekana juu ya majani, ndizo zinazoifichua betri iliyochoka. Mnunuzi wa pikipiki iliyotumika na apime volti za betri kabla injini haijawashwa: betri nzima ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha husoma takriban 12.6, na ikisoma chini ya 12.2 ina walakini. Aulize pia kama kuna fundi wa karibu mwenye kifaa cha kusomea hitilafu, maana taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, bisibisi na spana pekee hazitajua inasema nini.

Jambo lingine jipya ambalo halipendi mazoea yetu ni mafuta ya vidumu. Huko ndani, mbali na vituo, petroli huuzwa kwa chupa na vidumu kando ya njia, na bodaboda yenye kabureta huivumilia kwa kuwa fundi huisafisha kabureta kwa dakika ishirini. Pua ya kupulizia mafuta ina matundu membamba mno, na maji au mchanga ukifika huko kazi yake si ya kando ya barabara. Ni vyema kujaza tangi mjini kabla ya kupanda milimani. Tangi la lita 13 la Classic 350 humfikisha mpandaji mwangalifu kutoka Mbeya hadi Iringa, safari inayozidi kilomita 300, bila kuongeza, ingawa mimi binafsi huongeza Makambako.

Kuhusu nguvu, mwinuko nao una hesabu yake. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ndani, hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kompyuta hurekebisha mchanganyiko ili injini isitoe moshi, lakini haiwezi kuumba hewa ambayo haipo. Farasi 20 zilizoandikwa kwenye karatasi za Classic 350 zinakuwa kama 17 hapa Mbeya, ambako mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hilo halikuzuii kusafiri, ila linabadili namna ya kupita malori katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma: nafasi inayomtosha mtu aliyeko Dar es Salaam haikutoshi wewe unayepanda Mlima Nyoka ukiwa umempakia mtu nyuma. Anayekusudia kupakia mara kwa mara na afikirie injini ya silinda mbili, kama ile ya Royal Enfield ya cc 648 yenye farasi 47, endapo mfuko unaruhusu.

Sasa mambo yaliyo ya zamani kwelikweli. La kwanza ni uzito: Classic 350 ina kilo 195, wakati bodaboda ya kawaida ni kilo mia moja na ushei. Mtu aliyezoea kuinyanyua Boxer iliyoanguka matopeni kwa mkono mmoja atashangaa. Kabla ya kununua, ilaze pikipiki taratibu kwenye nyasi mbele ya mwenyewe, kwa ruhusa yake, kisha jaribu kuisimamisha peke yako. Ukishindwa hapo, utashindwa pia kwenye utelezi wa Tukuyu mwezi Aprili, ambako hutamwona mtu wa kukusaidia mpaka mvua ikatike.

La pili, na hili ndilo ninaloomba lizingatiwe kuliko yote, ni magurudumu. Rimu za spoku hupendeza, lakini nyingi hutumia tairi zenye tyubu, na tyubu ikitobolewa na msumari hutoa upepo wote mara moja. Jioni moja nikitokea Makambako, kilomita chache kabla ya Igawa, nilihisi mkia wa pikipiki ukicheza kama mtu aliyelewa. Fundi wa pancha niliyemfikia kwa kusukuma alikuwa na tyubu zimening'inia mlangoni tele, zote za bodaboda, na hapakuwa na hata moja ya kutosha tairi la nyuma la inchi 18 lenye upana wa milimita 120. Alitia kiraka cha moto kwa uvumilivu mkubwa, akakataa hata kuniongezea bei, nami nikafika Uyole saa nne usiku kwa mwendo wa kilomita 50. Tangu siku hiyo hubeba tyubu mbili, ya mbele inchi 19 na ya nyuma inchi 18, spana ya ekseli, vyuma vya kung'olea tairi na pampu ya mkono. Kwa anayenunua sasa, matoleo yenye rimu za alumini na tairi zisizo na tyubu yapo, na hata kama yanapunguza haiba kidogo, kwa njia zetu ningeyachagua.

Breki nazo zichunguzwe. Mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge ni msaada mkubwa kwenye lami yenye mvua, ila kwenye changarawe ya mteremko huongeza umbali wa kusimama, na pikipiki nyingi za aina hii hazina swichi ya kuuzima. Anayeteremka Kitonga, au kona za kutoka Matamba kwenda Chimala ambazo wenyeji huziita Hamsini na Saba kwa idadi yake, na ashuke kwa gia ya pili au ya tatu, akiiachia injini kazi, badala ya kukalia breki ya nyuma mpaka inuke.

Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2, kwa kuwa klachi huogelea humo humo. Oili ya gari yenye vilainishi vya ziada huifanya iteleze. Chujio la oili, waya wa klachi na plagi viagizwe mapema Kariakoo, kwani Mwanjelwa hutavipata. Kofia iwe inayofunika uso mzima. Zile za wazi zinazoendana na sura ya pikipiki zinafaa kwa picha, si kwa ukungu wa Isyonje.

Nyaraka ni fupi kuelezea. Injini inayozidi cc 125 inahitaji leseni ya daraja A, namba za chesisi na injini zilingane na zilizo kwenye kadi, na uhamisho wa umiliki ukamilike Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya fedha yote kutoka mkononi. Kwa pikipiki ambayo kioo chake cha pembeni pekee huagizwa kutoka mbali, bima kubwa ina maana zaidi kuliko ile ndogo ya lazima.

Mwisho, mwambie muuzaji utakuja saa kumi na mbili asubuhi na kwamba asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa kiganja. Ikiwa na joto, ameshaiwasha, nawe umuulize kwa nini.