Kando ya Loire kwa Tairi Nyembamba: Kutoka Angers hadi Orléans, Hatua kwa Hatua

Shemeji yangu alipoamua kusafiri kutoka Mombasa kuja Ufaransa na baiskeli yake ya mbio, maswali yake yote yalihusu vilima. Bonde la Loire halina vilima vya kumtisha mtu anayefanya mazoezi. Yanayosumbua huko ni treni, upepo na uso wa njia, na ndiyo sababu hatua zinazoyahusu hayo ni ndefu hapa kuliko nyingine. Ninachukulia kwamba msomaji anajua kubadili tyubu na kukaa kwenye tandiko saa nne bila kulalamika.

Hatua ya 1: Panda mto badala ya kuufuata

Loire ndio mto mrefu kuliko yote nchini Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000, na katika sehemu inayotuhusu hutiririka kuelekea magharibi hadi Bahari ya Atlantiki. Watalii wengi hufuata maji. Mimi ninashauri kinyume chake, kwa sababu upepo wa huko huvuma mara nyingi kutoka magharibi, na njia hupita juu ya matuta ya kuzuia mafuriko ambako hakuna mti wala ukuta wa kukukinga. Mwinuko wa kupanda mto ni mdogo kiasi kwamba miguu haiutambui, lakini upepo wa usoni kwa siku nzima utautambua. Anzia Angers, ulale Saumur, Tours na Blois, kisha umalizie Orléans. Kila siku itakuwa ya kilomita kati ya 60 na 80 hivi, na karibu safari nzima itabaki ndani ya eneo lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia. Nenda Mei, Juni au Septemba.

Hatua ya 2: Tairi

Weka tairi za milimita 28 zisizopungua, na kama fremu inaruhusu 32, usisite. Tairi za milimita 23 ziache nyumbani. Beba pampu ya mkono.

Hatua ya 3: Kufika na baiskeli kwa treni

Hapa ndipo saa hupotea, kwa hiyo soma polepole. Treni za kasi za kwenda Angers, yaani TGV, huondoka katika kituo cha Montparnasse mjini Paris, na nyingine huondoka moja kwa moja katika uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Njia ya kwanza ya kusafirisha baiskeli ni kulipia nafasi yake wakati ule ule unaponunua tiketi yako. Si kila treni ina nafasi hizo, na zilipo huwa chache na huisha mapema, hasa kuelekea mwisho wa wiki. Kununua tiketi ya abiria kwanza ukitumaini kuongeza baiskeli baadaye ni kujitafutia taabu, kwa kuwa unaweza kubaki na tiketi halali ya treni ambayo baiskeli yako haiwezi kupanda.

Njia ya pili, ambayo mimi huipendelea, ni kuifungua baiskeli na kuitia katika mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90. Ikiwa hivyo huhesabiwa kuwa mzigo na hailipiwi. Pima mfuko wako ukiwa umejaa, kwa sababu mifuko mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege hupita kipimo hicho. Ondoa magurudumu yote mawili, teremsha tandiko, ngoa pedali na ulaze usukani kando ya fremu. Kisha fungua skrubu ya kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo, ukifunge kwa kitambaa na kukificha ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu. Usiipuuze kazi hii ya dakika mbili. Kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kifaa hicho kimetengenezwa makusudi kiwe laini ili kipinde kabla ya fremu, na sanduku moja likikiangukia, mnyororo utarukaruka kwenye gia siku nzima. Kila fremu ina umbo lake la kipande hicho, na duka la baiskeli la mji mdogo haliwezi kuwa nayo yote, kwa hiyo nunua cha akiba kabla ya kuondoka nyumbani. Kama breki zako ni za diski, chomeka kipande cha kadibodi katikati ya pedi baada ya kutoa gurudumu, kwa maana mtu akiugusa mkono wa breki pedi zitakumbatiana na gurudumu halitarudi.

Treni za kanda, zinazoitwa TER, hupokea baiskeli nzima, na mara nyingi bila malipo, lakini katika miezi ya joto baadhi yake hudai nafasi iwekwe mapema. Hakikisha treni yako ni ipi siku unapopanga safari, usingoje kuuliza kwenye jukwaa. Ikiwa unaanzia Tours badala ya Angers, usishangae kuona TGV nyingi zikisimama Saint-Pierre-des-Corps, kituo kilicho kando ya Tours: shuka hapo, unganisha baiskeli yako, na utafika katikati ya Tours kabla ya wanaosubiri treni ya kuunganisha.

Hatua ya 4: Kibao kifuatwe kwa akili

Njia rasmi ya baiskeli, iitwayo La Loire à Vélo, ina urefu wa kilomita 900 hivi, kutoka karibu na Nevers hadi pwani ya Saint-Brevin-les-Pins, na vibao vyake ni vizuri kuliko vya nchi nyingi nilizopita. Hata hivyo, vibao hivyo viliwekwa kwa kuzifikiria familia zenye watoto na mikoba, si tairi nyembamba, hivyo mara kwa mara vitakutoa kwenye lami na kukutia kwenye changarawe. Pakia ramani kwenye kifaa chako ikiwa na njia mbili, ile rasmi na ya barabara za wilaya zenye herufi D, kisha hamia ya pili kila changarawe inapoanza.

Kanuni yangu ni kukaa ukingo wa kusini. Barabara ya D952, iliyo juu ya tuta la kaskazini kati ya Saumur na Tours, inavutia kwenye ramani, lakini ni nyembamba, ina malori, na madereva huiendea kasi. Kusini, kutoka Gennes hadi Saumur, D751 hupita Cunault na Chênehutte mto ukiwa kushoto kwako. Baada ya Saumur, njia rasmi hupanda kidogo hadi Turquant, ambako watu walichimba makazi ndani ya mwamba mweupe wa chokaa. Panda nayo, ndicho kilima pekee cha siku hiyo. Kutoka Candes-Saint-Martin, mahali mto Vienne unapoingia Loire, elekea Bréhémont kwa barabara tulivu ya tuta, kisha Villandry.

Hatua ya 5: Maji na chakula

Maduka ya vijijini hufungwa mchana kati ya saa sita na saa nane, Jumapili alasiri, na mengi Jumatatu pia. Nunua mkate asubuhi. Chupa zikiisha, tafuta makaburi ya kijiji: karibu kila mahali pana bomba la kumwagilia maua. Kibao cha „eau non potable” (maji yasiyofaa kunywa) kikiwapo, usinywe.

Hatua ya 6: Barabarani

Mpishe anayetokea kulia kwenye makutano yasiyo na alama, hata kama kichochoro chake ni kidogo kuliko barabara yako. Nje ya miji, usiku au kwenye ukungu, fulana ya kuakisi mwanga ni lazima kisheria. Dereva anayekupita nje ya mji anatakiwa kuacha mita moja na nusu.

Hatua ya 7: Kurudi

Treni za kutoka Orléans huingia Paris kupitia kituo cha Austerlitz, si Montparnasse. Ikiwa mizigo yako uliiacha karibu na Montparnasse, ongeza muda wa kuvuka jiji kwa baiskeli.