Kutafuta asili ya santuri ya rokabili isiyojulikana: anza na namba, jina la wimbo baadaye

Mdogo wangu anaishi Columbus, Ohio. Majuzi jirani yake alikuwa anahama na kuuza vyombo vya ndani, naye akarudi nyumbani na boksi la santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Akanipigia: "Kaka, humu mna nyimbo kali, besi linachapwa kama ngoma, lakini waimbaji siwajui, na mwaka haujaandikwa popote." Tulikesha kwenye simu wiki mbili. Naandika njia tuliyoifuata kwa sababu nilipoanza mambo haya miaka ya nyuma hakuna aliyenionyesha, na nilipotea sana.

Kwa asiyejua: rokabili ni kantri (muziki wa mashambani wa Marekani) ya vijana wa Kusini mwa nchi hiyo iliyochanganywa na bluzi za Wamarekani Weusi, na moto wake ulikuwa mkali zaidi kati ya 1954 na 1958. Elvis Presley na Carl Perkins wanajulikana. Nyuma yao walikuwepo vijana wengi waliorekodi wimbo mmoja au miwili, wakalipia santuri zao wenyewe, kisha wakarudi shambani au gereji. Hao ndio ninaowatafuta.

Hatua ya 1: Osha, sikiliza

Maji safi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na lebo (karatasi ya katikati) isilowe. Sikiliza pande zote mbili. Basi.

Hatua ya 2: Nakili kila kilichoandikwa kwenye lebo

Kila kitu: namba, mji, jina la mchapishaji wa wimbo, majina madogo yaliyo chini ya jina la wimbo. Usichague, maana hujui bado kipi kitakusaidia.

Jina la mwimbaji usiliamini haraka. George Jones, mfalme wa kantri ya machozi, alitoa rokabili mwaka 1956 kwa jina la Thumper Jones. Mwaka huohuo Buck Owens alijiita Corky Jones. Hawakutaka wasikilizaji wao wa kantri wawaone wamekimbilia muziki wa watoto.

Jina la kampuni nalo linaweza kukupoteza. Starday, iliyoanzia Texas, ilikuwa na huduma ya kukutengenezea santuri ukilipa, yenye lebo ya jina lolote unalotaka. Lebo kumi tofauti, kutoka miji kumi tofauti, zinaweza kuwa na namba zinazofuatana kwa sababu zote zilipitia Starday. Ukiona namba ya mia tano na kitu kwenye lebo ambayo haikutoa hata santuri tatu maishani mwake, shuku hapo.

Hatua ya 3: Soma kilichochorwa kwenye plastiki

Hii ndiyo hatua iliyonila usiku mwingi, kwa hiyo nivumilieni.

Kati ya mwisho wa muziki na lebo kuna ukanda laini usio na sauti. Humo mna herufi na namba, zilizogongwa kwa mashine au kuchorwa kwa mkono, nazo zinaeleza santuri ilitengenezwa wapi na mara nyingi lini. Lebo iliandikwa na mtu aliyetaka kuuza. Ukanda huu uliandikwa na fundi ambaye hakutaka chochote zaidi ya kutochanganya kazi zake, na ndiyo maana mimi huuamini kuliko lebo.

Kuusoma: zima taa ya chumbani. Washa tochi ya simu, ilaze mezani karibu sana na ukingo wa santuri ili mwanga upite juu ya plastiki badala ya kuipiga kutoka juu. Izungushe santuri polepole kwa vidole. Herufi ambazo mchana huzioni kabisa zitainuka kama mishipa ya mkono. Mdogo wangu alikuwa ananitumia picha za WhatsApp alizopiga kwa flashi, zote zimeng'aa nyeupe. Alipoilaza tochi mezani, picha ya kwanza tu nikasoma kila kitu.

Sasa maana yake. Santuri nyingi za vijana hawa zilitengenezwa na kitengo cha RCA, kampuni kubwa ya santuri ya Marekani, kilichofanya kazi za wateja wa nje. Namba zao huanza na herufi ya mwaka: F ni 1955, G ni 1956, H ni 1957, J ni 1958, K ni 1959. Angalia vizuri: I imerukwa, kwa sababu inafanana na 1. Mimi nilihesabu alfabeti kama tulivyofundishwa shule, nikaipa I mwaka 1958 na J mwaka 1959, nikatafuta matangazo ya santuri moja katika magazeti ya mwaka mzima usiokuwa wake.

Kosa la pili ni baya zaidi. Namba hizo huenda hivi: G8OW, kisha kistari, kisha tarakimu. Hiyo ya tatu ni herufi O, siyo sifuri. Lakini watu wengi walioingiza taarifa kwenye hifadhidata wameandika sifuri. Ukitafuta kwa O unapata nusu ya santuri, ukitafuta kwa sifuri unapata nusu nyingine. Nilikaa usiku mbili nikiamini kwamba santuri niliyoshika haijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani, kumbe ilikuwepo, imejificha nyuma ya sifuri. Tafuta mara mbili, kila mara, hata kama umepata jibu mara ya kwanza.

Na mengine ya kuangalia:

Pembetatu ndogo ikifuatwa na tarakimu ni kiwanda cha Monarch cha Los Angeles. Namba zake zilipanda kwa mfuatano, kwa hiyo ukijua tarehe ya namba iliyo karibu na yako, umeshakadiria yako.

Neno RITE ni kiwanda cha Cincinnati, Ohio, kilichowahudumia sana waimbaji wa kantri na wa injili waliojilipia. Namba zake nazo zina mfuatano.

Santuri za Sun, kampuni ya Memphis iliyomtoa Elvis, zilizotengenezwa palepale mjini huwa na alama tatu za mviringo zilizobonyea kwenye lebo. Ziguse kwa kidole. Niliwahi kuuziwa Sun ya kughushi na muuzaji mmoja wa mtandaoni. Lebo ilikuwa nzuri mno, lakini laini kama kioo. Hata hivyo, usiitupe santuri kwa kukosa alama hizo tu. Sun ilitumia pia viwanda vya mbali, Monarch kikiwemo, na kazi zao hazina mibonyeo hiyo.

Tahadhari ya mwisho: herufi ya mwaka ni ya siku kiwanda kilipopokea kazi. Wimbo unaweza kuwa ulirekodiwa miezi kadhaa kabla. Andika "ilitengenezwa 1956", usiandike "ilirekodiwa 1956".

Ukishapata mwaka, fungua matoleo ya Billboard, gazeti la biashara ya muziki, ya mwaka huo, yaliyopigwa picha na kuwekwa Google Books bure. Walikuwa wanapitia santuri mpya kila wiki, hata za kampuni ndogo.

Hatua ya 4: Shuka kwenye mizizi ya kantri

Sasa tafuta wimbo wenyewe ulitoka wapi. Usitafute kwa jina lake. Chukua ubeti wa pili, uandike kwa mkono, utafute maneno yake. Kwa nini wa pili? Kwa sababu kiitikio hubadilishwa na kila anayepita, lakini ubeti wa pili watu huuacha kama walivyoukuta.

Mfano ni "Milkcow Blues Boogie" ya Elvis, iliyotoka Januari 1955. Ukifuata jina utakutana na "Milk Cow Blues" ya Sleepy John Estes ya 1930, nawe utafurahi. Sikiliza: ni wimbo mwingine kabisa. Wa Elvis unatokana na ule wa mwimbaji wa bluzi Kokomo Arnold wa 1934, ambao bendi za Texas na Oklahoma zilishauchezea dansi; Johnnie Lee Wills aliurekodi 1941. Bluzi, kisha kantri ya fidla, kisha rokabili.

Wala usiamini jina la mtunzi. "Matchbox" ya Carl Perkins ina jina la Perkins, lakini mwimbaji wa bluzi Blind Lemon Jefferson alirekodi "Match Box Blues" mwaka 1927.

Maneno yakigoma, hesabu mapigo. Bill Monroe, mwimbaji wa kantri, alirekodi "Blue Moon of Kentucky" 1946 kwa mwendo wa moja-mbili-tatu. Elvis akaikimbiza kwa mapigo manne Julai 1954. Septemba ya mwaka huo Monroe akairudia: anaanza taratibu kwa matatu, kisha anaachia nne. Mzee kajifunza kwa kijana. Zisikilize zote tatu kwa mpigo mmoja, utaelewa rokabili ni nini kuliko nitakavyokueleza mimi.

Ndani ya boksi la mdogo wangu ilikuwemo Sun 250 ya Warren Smith, ya 1956. Watu huipenda kwa "Ubangi Stomp". Mimi siupendi wimbo ule. Maneno yake yanamchora Mwafrika kwa kebehi. Nilimwambia aigeuze. Upande wa pili ni "Black Jack David": mwanaume anayepita na wimbo wake, na mwanamke anaacha nyumba na kitanda kizuri amfuate. Tuliufuata ubeti huo hadi kwa Carter Family, familia ya waimbaji wa kantri, 1940, nyuma yao Cliff Carlisle, 1939, na nyuma yao wote utenzi wa Uskoti ambao mtaalamu wa Kimarekani Francis James Child aliupa namba 200 katika mkusanyiko wake. Mdogo wangu alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe huyu kijana wa Memphis anaimba hadithi ya mababu."

Carter Family walirekodi mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, Agosti 1927, siku zilezile na Jimmie Rodgers, mwimbaji mwingine wa kantri. Na huyo Rodgers sauti yake ilifika kwetu mapema: mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi Wakipsigis wa Kericho wakimwimba Chemirocha, ambalo ni jina lake katika ndimi zao. Mzizi mmoja ulikuwa umeshachipua Bonde la Ufa kabla Elvis hajaingia studio.

Hatua ya 5: Rudisha ulichopata

Weka picha Discogs, hifadhidata ya santuri mtandaoni: lebo pande zote mbili, na ukanda wa ndani kwa mwanga wa kulazwa. Kwenye maelezo andika namba kwa herufi O, kisha kwa sifuri.

Kwenye boksi zimebaki santuri kumi na moja. Ijumaa tunaanza na yenye herufi J.