Namna ya Kuiokoa Albamu Ambayo Haikuwahi Kutolewa

Ukikabidhiwa boksi la kanda za rili (utepe wa sauti uliozungushwa kwenye gurudumu) za mwimbaji aliyesahauliwa, usiweke hata moja kwenye mashine siku hiyo, ingawa hamu ya kuisikia sauti yake itakusumbua, kwa kuwa kanda iliyokaa miaka hamsini inaweza kuharibika pale pale inapochezwa. Kwanza piga picha boksi na kila ganda la kanda. Maandishi hafifu ya kalamu ndiyo mara nyingi yanayobeba tarehe, kasi ya kanda, na mpangilio wa nyimbo alioutaka mwimbaji mwenyewe.

Kisha inua rili mbele ya taa. Mwanga ukipenya kwenye mzingo wa kanda, hiyo ni asetati, aina ya plastiki ya zamani, ambayo ikianza kuoza hunuka siki, na haifai kupashwa moto kamwe. Usipopenya, huenda ni poliesta, plastiki ya aina nyingine, na nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hufyonza unyevu mpaka gundi inayoshika chembe za sumaku zenye sauti inalainika. Kanda hunata, hulia kama bawaba kavu, na kuacha uchafu wa kahawia kwenye mashine. Kanda ya namna hiyo hupashwa joto la nyuzi 54 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa, katika tanuri linalodhibiti joto barabara, kisha hupoa na kunakiliwa mapema kabla haijaanza kunata tena. Mpe kazi hii fundi aliyekwisha kuifanya. Nakala mama ya kidijitali iwe faili la sauti lisilobanwa, aina ya WAV, la biti 24 na kilohezi 96 (vipimo vya ubora wa sauti), wala mvumo wake usiondolewe: usafishaji ufanyike kwenye nakala nyingine.

Wakati huohuo tafuta kanda nyingine za mwimbaji huyo zilizobaki kwa watu wengine. Connie Converse, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, alirekodiwa na Gene Deitch, mtengenezaji wa filamu za katuni, mwaka 1954, akiimba na gitaa lake nyumbani kwa Deitch, na mwaka 1974 akaondoka mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, kwa gari lake, asionekane tena. Albamu yake ilipotoka mwaka 2009 ilitokana na hazina mbili: kanda za Deitch, aliyekuwa akiishi Prague, Jamhuri ya Cheki, na zile zilizokuwa katika kabati la mafaili la kaka yake huko Ann Arbor. Kwa hiyo waulize ndugu, wapiga ala na mafundi mitambo, na uwaulize kwa upole, kwani wengine bado wanaomboleza.

Kuwa na boksi si kuwa na nyimbo. Kwa sheria za Kenya na Tanzania, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, basi warithi waafiki kwa maandishi kabla wimbo mmoja haujasikika hadharani. Nyimbo ambazo mwimbaji Mjerumani Sibylle Baier alijirekodia nyumbani Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilitoka mwaka 2006 kwa juhudi za mwanawe, na naiona hiyo kuwa njia iliyo safi zaidi. Mwimbaji akiwa hai, asikilize yeye kwanza. Akikataa, mrudishie kanda zake katika maganda mapya, pamoja na nakala zote.