Kabla ya kumchagulia mzee makao nchini Marekani

Kwa wenye wazazi au wakwe wazee nchini Marekani, jambo la kufahamu kabla ya kutembelea makao yoyote ni kwamba Medicare, bima ya serikali kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, hailipii makao ya kudumu ya wazee, wala msaidizi wa kumwogesha na kumvisha mzee asiyehitaji huduma nyingine ya kitabibu. Inachogharimia ni kituo cha uuguzi kwa muda usiozidi siku 100 katika kila kipindi cha ugonjwa, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa huchangia. Tena, kwa Medicare ya kawaida, yaani ile inayotolewa na serikali moja kwa moja bila kupitia kampuni ya bima, lazima awe amelazwa hospitalini kwa siku 3 mfululizo, bila kuhesabu siku ya kuruhusiwa. Hapa ndipo familia nyingi hunaswa: mzee anaweza kulala wodini usiku kadhaa huku kumbukumbu zikionyesha kuwa yuko chini ya uangalizi tu, hajalazwa rasmi, na siku hizo hazihesabiwi. Muulizeni daktari, tangu siku ya kwanza, mgonjwa ameandikishwa vipi.

Makao ya kudumu hulipiwa na familia yenyewe au na Medicaid, bima nyingine ya serikali, ambayo ni ya wenye kipato na mali kidogo. Katika majimbo mengi, Medicaid hukagua mali iliyogawiwa ndani ya miaka 5 kabla ya maombi; kwa hiyo kuhamishia nyumba ya mzee kwa mtoto haraka haraka, kama wengi wanavyoshauriana, kunaweza kuchelewesha msaada wenyewe.