Somo: Kulala bila fukuto kwenye kabini ya meli ya kitalii

Wadau, shule za Marekani zinakaribia kufunga na maswali ya meli za Karibi yameanza kumiminika. Ndugu zetu wengi wa Texas, Georgia na Florida husafiri kati ya Juni na Agosti, wakati ambao maji ya bahari ile hufika nyuzi 28 au 29 na hewa ya usiku ni nzito kama ya Mombasa mwezi wa Machi. Nimewahi kufanya kazi ya kabini kwenye meli hizo, kutandika vitanda na kusugua bafu, na lalamiko la joto la usiku lilikuwa halikosi. Ajabu ni kwamba kabini nyingi zenye joto hazikuwa na kiyoyozi kibovu. Mlango wa roshani ulishinda wazi, au mgeni alivumilia kimya hadi safari inakaribia kuisha ndipo akasema.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa hewa inavyotembea. Chini kwenye mitambo kuna mashine kubwa zinazopoza maji hadi nyuzi 6 au 7. Maji hayo husukumwa na pampu meli nzima. Hewa hupulizwa juu ya mabomba yake, inapoa, inaacha unyevu, kisha inaingia kwako kupitia tundu la dari. Inatokea bafuni: feni ya bafu hufyonza hewa saa zote, na mlango wa bafu umeachiwa uwazi chini, au wavu, kwa kazi hiyo. Kile kidude cha ukutani, yaani themostati, hakitengenezi baridi. Kinaamuru tu maji ya baridi yaje au yasije na, kwenye meli nyingine, feni iende kasi gani. Kwa hiyo kukishusha hadi mwisho kwa hasira hakuharakishi kitu.

Hatua ya 1: Chagua kabini kabla ya kulipa

Fungua ramani ya sitaha uangalie kilicho juu, chini na ubavuni mwa kabini. Moja kwa moja chini ya sitaha ya bwawa, chuma cha juu hupigwa na jua kutwa. Jirani na jiko, au na njia ya bomba la moshi, ukuta unaweza kuwa wa vuguvugu hata usiku wa manane. Kabini ya ndani isiyo na dirisha watu huidharau, lakini haipigwi na jua hata dakika moja. Habari ya kuchagua upande wa kushoto au wa kulia msihangaike nayo: meli ikielekea kusini, jua la alasiri linapiga kulia, ikirudi kaskazini linapiga kushoto. Mnagawana.

Hatua ya 2: Pakia vitu vichache

Feni ndogo ya USB au ya betri. Ndoano za sumaku, maana kuta za kabini nyingi ni za chuma na sumaku inang'ata vizuri. Utaitundika feni popote. Leso mbili au kikoi cha pamba. Kipimajoto kidogo cha bei rahisi, faida yake utaiona hatua ya mwisho. Ukibeba pawabenki, iweke kwenye begi la mkononi ndani ya ndege na isizidi wati-saa 100 (100 Wh), ambayo ni kama mAh 27,000.

Usibebe ekstensheni. Na kabla ya kununua feni ya waya, soma orodha ya vitu vilivyokatazwa na kampuni yako, kwa sababu hawafanani.

Hatua ya 3: Saa ya kwanza ndani ya kabini

Siku ya kupanda meli, kabini nyingi zinakuwa na joto. Asubuhi yote milango imeachwa wazi, wahudumu wanabadilisha shuka, vyombo vya usafi vinapita, mizigo inaingia. Usianze kugombana na mtu. Funga mlango wa roshani mpaka usikie kufuli limekamata, kwa sababu meli nyingi zina kihisio kinachokata hewa ya baridi mlango ukiwa wazi, hata kwa upenyo wa kidole. Vuta pazia. Kama karibu na mlango wa kuingilia kuna kitundu cha kadi, chomeka kadi yako ya mlango. Weka themostati kwenye nyuzi 20. Kwenye meli inayotumia Farenihaiti hiyo ni 68. Ukiona 72 ujue ni kama 22.

Sasa chukua karatasi ya tishu, itenganishe ubaki na tabaka moja, uishike chini ya tundu la dari. Ikipepea, hewa inakuja. Ikining'inia bila kutikisika, angalia kama tundu lina kirungu cha kuzungusha. Nyingi za duara zinacho, na mara nyingi mgeni aliyetangulia alikifunga kwa sababu alisikia baridi. Kizungushe taratibu, ushike tena tishu. Kisha nenda kale. Saa mbili au tatu baadaye ndipo utajua hali halisi.

Hatua ya 4: Mchana

Pazia lifungwe unapotoka, hasa kwenye kabini yenye kioo kikubwa. Jua likishaingia na kupasha godoro, zulia na makochi, utapambana nalo hadi usiku. Mwombe mhudumu wako asilifungue anaposafisha. Hiyo ni dakika moja ya mazungumzo na hatakasirika.

Hatua ya 5: Kabla ya kulala

Oga maji ya uvuguvugu, funga mlango wa bafu ili mvuke uondoke na feni yake. Usizibe ule uwazi wa chini kwa taulo. Ukiuziba, hewa ya dari nayo inapungua. Duveti la meli ni zito, na hapa ndipo wengi wanapopikika: chumba kina nyuzi 21 lakini mtu amejifunika manyoya. Omba shuka tupu na blanketi jepesi, au jifunike leso yako.

Feni iweke mahali ambapo itashika hewa ya tundu la dari na kuisukuma kitandani. Kabini nyingi tundu liko upande wa mlango na kitanda kiko mbali, kwa hiyo baridi inaishia miguuni mwa kabati. Taa, pasi ya nywele na televisheni zizimwe mapema, hasa zilizo karibu na themostati.

Ule ujanja wa ndoo ya barafu mbele ya feni? Tupige hesabu. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80. Kilo 2 za barafu zikiyeyuka zote zinameza joto la watu wawili kwa saa moja na kitu hivi, halafu umebaki na maji na unyevu. Barafu weka kwenye glasi unywe.

Hatua ya 6: Bado joto? Sema mapema

Mwambie mhudumu wa kabini kwanza, usiku wa kwanza huohuo. Asubuhi ikiwa vilevile, nenda mapokezi uombe fundi wa viyoyozi. Usiseme "kuna joto sana", kila mtu anasema hivyo. Sema: "Themostati iko 20, kipimajoto changu kando ya kitanda kinasoma 25 saa sita usiku, na tishu haitikisiki kwenye tundu." Fundi akisikia hivyo anajua atafute kichujio kilichoziba, valvu iliyokwama au kilango cha hewa kilichofungwa ndani ya dari. Nyingine ni kazi ya dakika chache tu. Na kama shida ni ya eneo zima, omba kuhamishwa kabla meli haijafika bandari ya kwanza.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, mimi nilidhani raha ya roshani ni kulala mlango wazi unasikia bahari. Kwa nini nisifungue?

Jibu: Kaa nje usikilize bahari hadi uchoke, kisha ingia ufunge. Hewa ya Karibi usiku imejaa maji; ikigusa chuma baridi cha tundu la dari inageuka matone, na utadondoshewa kitandani. Kwenye baadhi ya meli na majirani zako wataanza kukosa baridi. Na tafadhali usifungue mlango wa roshani na wa korido kwa pamoja. Upepo utakaopita utaubamiza mlango mzito kwa nguvu ya kuvunja vidole, na mlango wa korido ni wa kuzuia moto, haukuwekewa kabari kwa makusudi.

Swali: Nina feni ya mezani kutoka Nairobi, plagi ya pini tatu. Itafaa? Na ekstensheni umekataza kwa nini?

Jibu: Meli nyingi zina soketi ya Kimarekani ya volti 110 na ya Ulaya ya pini mbili za duara, volti 220. Utahitaji adapta ya kawaida, na feni isome 220-240V. Umeme wa meli hupigapiga mara 60 kwa sekunde (60 Hz), wa nyumbani mara 50, kwa hiyo feni inaweza kuzunguka kasi kidogo kuliko nyumbani. Ila kwa ukubwa wake, afadhali ya USB. Ekstensheni zenye kinga ya umeme kupanda ghafla ni hatari kwa sababu mfumo wa umeme wa meli hauunganishwi na ardhi kama wa nyumbani. Kinga hiyo inaweza kupata moto na kuwaka. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 2013. Pale getini itachukuliwa.

Swali: Kaka, tuna mtoto wa miezi minane. Tukishusha hadi 20 hataugua?

Jibu: Hapana, dada. Uingereza huwashauri wazazi chumba cha mtoto mchanga kiwe nyuzi 16 hadi 20. Mvike nguo za kutosha, usimfunike duveti la wakubwa, na feni isimpige moja kwa moja. Mguse kifuani au nyuma ya shingo, si viganja; viganja vya mtoto huwa baridi tu.

Swali: Mume wangu anataka 18, mimi nataka 24. Nisaidie kabla hatujaachana.

Jibu: Wekeni 20. Wewe chukua duveti lote, yeye abaki na shuka na feni upande wake. Anayesikia baridi anaweza kuongeza nguo, anayesikia joto hana ngozi ya kuvua.

Swali: Sisi tunapandia Dubai mwezi wa Desemba, tunapita Muscat. Haya yote yanatuhusu?

Jibu: Machache. Usiku wa Desemba huko hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 20, kwa hiyo mtahangaika zaidi kupandisha themostati kuliko kuishusha. Bebeni sweta, na kirungu cha tundu la dari mkijue kilipo.