Namna ya kufuatilia mabadiliko ya sheria za jinai kabla hayajamfikia ndugu yako kituoni

Mabadiliko mengi ya sheria za jinai nchini hayaji kwa jina la jinai. Huja ndani ya muswada mmoja unaoitwa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambamo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, huchanganywa na sheria zisizohusiana nazo hata kidogo, na mfanyabiashara wa Soko la Kilombero hapa Arusha anayelisikia jina hilo redioni hana sababu ya kudhani kwamba linamgusa. Hatua ya kwanza, basi, ni kuufungua muswada wenyewe kwenye tovuti ya Bunge na kutafuta sehemu zinazotaja Sura ya 16, Sura ya 20 au Sura ya 200, inayohusu uhujumu uchumi. Mwishoni mwa muswada huwekwa madhumuni na sababu, yaani maelezo ya kwa nini kila sheria inaguswa. Anza kusoma hapo.

Kisha jiridhishe kama unachokisoma bado ni muswada au tayari ni sheria. Muswada ukiwa mikononi mwa kamati ya Bunge, mwananchi anaweza kupeleka maoni, na huo ndio wakati ambao sauti yake ina uzito zaidi. Baada ya kupitishwa, kusainiwa na Rais na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, njia inayobaki ni ndefu na ya gharama. Angalia pia tarehe ya kuanza kutumika. Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda, na inakataza vilevile kumpa adhabu kubwa kuliko ile iliyokuwapo wakati huo, kwa hiyo tarehe ya tukio katika hati ya mashtaka isomwe sambamba na tarehe ya sheria.

Namba za vifungu zinahitaji uangalifu. Toleo la Marekebisho la Sheria la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na baadhi ya vifungu vimebadilika namba, kiasi kwamba karatasi uliyoitunza tangu miaka iliyopita yaweza kukuelekeza pasipo. Namba ninazozitaja hapa ni za toleo la 2022. Unapozitumia, tamka jambo lenyewe kwanza, namba ifuate.

Usiishie kwenye maandishi ya Bunge, kwa sababu mahakama nazo hubadilisha hali. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, kinapingana na Katiba. Habari hiyo ilienea haraka. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo na kifungu kikabaki, na familia iliyosikia habari ya kwanza bila ya pili ingeweza kuhangaika kutafuta wadhamini huku ndugu yao akipelekwa gereza la Kisongo, au la Karanga kwa wale wa Moshi, bila dhamana kuwezekana. Kila unaposikia hukumu mpya, uliza kama imekatiwa rufaa. Hukumu husomwa bure katika tovuti ya TanzLII.

Sasa tuje kituoni, mahali ambapo haki hupotea kwa saa chache. Anayekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu, na chini ya kifungu cha 54 cha sheria hiyohiyo ya mwenendo anaweza kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kumhoji, kwa kifungu cha 50, ni saa nne tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na kifungu cha 51 kinaruhusu kuuongeza kwa muda usiozidi saa nane. Maelezo ya onyo, yaani maelezo ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya, yanapoandikwa, tazama juu na chini ya karatasi: je, saa ya kuanza na saa ya kumaliza zimeandikwa, na ni za kweli? Mahakama ya Rufani imeyaondoa mara nyingi katika ushahidi maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda. Anayeulizwa ayasome yote, au asomewe, na kosa lisahihishwe kabla hajatia saini au dole gumba. Nalisisitiza hili kwa uchungu, maana karatasi ile ndiyo itakayosomwa mbele ya hakimu miezi mingi baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka kilichosemwa chumbani.

Dhamana ya polisi haiuzwi. Mdhamini aende na kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake, na akiombwa fedha, aulize ni ya nini na adai stakabadhi. Polisi wakipekua duka au nyumba, mwenye mali adai orodha ya vitu vilivyochukuliwa, iliyosainiwa pia na shahidi, na asisaini orodha yenye nafasi tupu katikati.

Badiliko la mwaka 2022 linastahili kujulikana na kila familia: kwa mahakama za chini, mashtaka hayapaswi kufunguliwa kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Wengi wetu tumeyasikia mno maneno "upelelezi haujakamilika" katika kumbi za mahakama, mwezi baada ya mwezi. Yakisemwa tena katika shauri dogo, mshtakiwa amwombe hakimu, kwa heshima, azingatie kifungu cha 131A cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Asiyemudu wakili amtafute mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma hiyo ni bure. Msaidizi wa kisheria, ambaye si wakili, atakuelekeza na kukusaidia kuandika nyaraka, ila hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako, hivyo mwulize mapema ni wakili gani atakayelichukua shauri likifika huko.