Kumhudumia Mzee Dhaifu Nyumbani Kwake Dar es Salaam

Kabla ya kumpeleka mhudumu kwa mzee anayeishi jijini Dar es Salaam, mtembelee kwanza mzee mwenyewe, umsikilize yeye na si watoto wake tu, kisha uandike anayoyaweza na asiyoyaweza: kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kukumbuka dawa. Ofisi ya serikali ya mtaa na afisa ustawi wa jamii wa manispaa wajulishwe mapema, hasa ikiwa mzee ana miaka 60 au zaidi na hana uwezo, ili atambuliwe na apate matibabu bila malipo.

Kazi nzito zaidi ni ya mzee asiyeinuka kitandani. Mgeuze kila baada ya saa 2, mchana na usiku, ukimwinua badala ya kumburuta, kwa sababu ngozi ya uzeeni huchubuka upesi. Kagua visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Ukiona ngozi imebadilika rangi na hairudi, usiikande, bali mlaze upande mwingine na umwarifu muuguzi. Joto la jiji nalo humkausha mzee kabla hajahisi kiu, hivyo mpe maji kidogo kidogo akiwa ameketi wima, asije akapaliwa.

Dawa zisimamiwe na mtu mmoja, kwa daftari. Fedha na kadi ya benki zisishikwe na mhudumu kamwe. Katika hili sioni nafasi ya kulegeza. Mhudumu naye apewe mkataba wa maandishi na siku ya mapumziko kila wiki, maana mhudumu aliyechoka huanza kukaripia.